Baridi ya Mau Narok si ya bure: Rejeta ya kompyuta yako na swali la Olkaria

Mei 22, 2024, Rais William Ruto akiwa katika ziara rasmi Marekani, kampuni za Microsoft na G42 ya Milki za Kiarabu zilitangaza mpango wa dola bilioni 1 kwa ajili ya Kenya. Kitovu cha mpango huo ni kituo cha data huko Olkaria, Naivasha, cha kutumia umeme wa mvuke wa ardhini. Awamu ya kwanza ni megawati 100. Lengo la mbele ni gigawati 1.

Tangu siku hiyo mjadala mtandaoni umekuwa mmoja: stima itatoka wapi? Ni swali zuri. Mwaka 2025 kilele cha matumizi ya stima kote nchini, ile saa ya jioni kila nyumba imewasha taa na runinga, kilivuka megawati 2,300. Gigawati moja ni zaidi ya thuluthi ya hizo, na inakwenda kwa mteja mmoja.

Lakini kuna swali la pili ambalo husikii likiulizwa sana. Stima ikishaingia kwenye kompyuta, inaenda wapi? Jibu ni fupi: inageuka joto. Karibu yote. Kompyuta haisagi mahindi wala haivuti trela. Wati moja inayoingia kwa waya hutoka ikiwa wati moja ya joto. Kwa hivyo kituo cha megawati 100 ni jiko la megawati 100, na lazima mtu aseme joto hilo litamwagwa wapi, na litabebwa na nini: maji au hewa.

Ukitaka kulielewa swali hilo bila kupotezwa na lugha ya matangazo, anza na jiko dogo ambalo wewe mwenyewe unaweza kumiliki. Panda nami hadi Mau Narok.

Mashine ya kazi nzito, mji wa baridi

Kutoka Njoro unapita Chuo Kikuu cha Egerton, kisha barabara inaanza kupanda. Ukifika Mau Narok uko karibu mita 2,900 juu ya usawa wa bahari. Ni nchi ya viazi, ngano, shayiri na pareto. Jioni hakuna anayetoka bila jaketi, na kuna alfajiri ambazo sakitu, ile barafu nyembamba, huchoma majani ya viazi hadi yakawa meusi.

Sasa tuseme wewe ni kijana wa huko, au uliondoka Nakuru mjini ukarudi nyumbani kwa sababu kodi ilikushinda. Intaneti si shida kama zamani. Hata Starlink iko nchini tangu Julai 2023. Umekusanya kadi nne za grafiki za mtumba, RTX 3090. Kila moja ina kumbukumbu ya gigabaiti 24, kwa hivyo zote pamoja ni 96. Hiyo inatosha kuendesha nyumbani modeli kubwa za akili unde zilizo huria, bila kulipia kwa dola kila saa unapokodi mashine ya mtu ng'ambo.

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu hadi sasa vijana wengi wa Kenya wameingia kwenye AI kupitia mlango wa nyuma. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba Wakenya waliosafisha data ya OpenAI kupitia kampuni ya Sama walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Machi 2025 serikali ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde wa 2025 hadi 2030. Mkakati ni karatasi. Anayetaka kufunza kompyuta kuelewa Kikalenjin, Kimaasai au Kikuyu, au kutambua jani la viazi lililoshikwa na ukungu kwa kulitazama kwenye picha, anahitaji mashine. Na ukiwa na mashine, jambo la kwanza litakalokusumbua si programu. Ni joto.

Hesabu ya joto, pole pole

RTX 3090 moja hula wati 350 ikifanya kazi kwa nguvu zote. Nne ni 1,400. Ongeza prosesa kubwa ya wati 280, halafu pampu, diski na vikorokoro vingine. Tuweke 1,800. Hiyo ni sawa na kuacha hita ya umeme ikiwaka ndani ya sanduku la kompyuta mchana kutwa.

Ukiacha kadi zote nne na feni zake za kiwandani, zikiwa zimebanana, ya pili inavuta hewa moto iliyotemwa na ya kwanza, ya tatu inavuta ya pili, na ile ya mwisho inachemka. Kadi ikichemka hujipunguzia kasi ili isiungue. Umenunua nne, unapata kazi ya tatu, na kelele yake majirani wanadhani umefungua posho mill.

Ndipo watu huhamia kwenye maji. Kila kadi inavuliwa feni na kuvishwa bloku ya shaba ambayo maji hupita ndani yake. Pampu inazungusha maji, maji yanabeba joto hadi kwenye rejeta, na feni za rejeta zinalimwaga hewani. Ni kazi ileile ya rejeta ya matatu. Rejeta ndogo za kuingia ndani ya sanduku haziwezi kumeza wati 1,800 bila feni kupiga mayowe. Ndiyo maana tunazungumzia rejeta ya nje: bati kubwa linalosimama kando ya kompyuta, kwenye ukuta au hata barazani, likiunganishwa kwa mipira miwili.

Kubwa kiasi gani? Wajenzi wa mashine hizi wana kanuni ya mkono: kila nafasi ya feni moja ya milimita 120 hutoa takriban wati 100, kukiwa na feni za mwendo wa wastani na maji yenye joto la nyuzi 10 kuliko hewa ya chumba. Kwa wati 1,800 unahitaji nafasi 18. Hiyo ndiyo hesabu ya Mombasa, ambako hewa ni nyuzi 30 na hutaki maji yapite 40.

Mau Narok hewa ni nyuzi 15 siku nyingi. Ukikubali maji yafike 35, ambayo ni salama kabisa kwa kadi, tofauti si 10 tena bali 20. Joto linalotoka huongezeka takriban kwa kiwango hichohicho. Nafasi 18 zinageuka 9. Hapa ndipo vijana wa milimani hufurahi na kuagiza rejeta ndogo.

Subiri kwanza. Kwenye mita 2,900 hewa ni nyembamba. Shinikizo lake ni kama asilimia 70 ya lile la ufuoni. Hata ukizingatia kwamba hewa baridi hujibana, feni inayozunguka Mau Narok husukuma karibu robo pungufu ya uzito wa hewa ukilinganisha na feni hiyohiyo ikiwa Mombasa. Na kinachobeba joto ni uzito wa hewa, si upepo unaousikia usoni. Gawanya 9 kwa 0.75. Unarudi kwenye 12.

Kwa ufupi, baridi ya Mau imekupa punguzo la nafasi 9, halafu mwinuko umekunyang'anya 3. Bado umefaidika, ila si kwa kiwango ulichodhani. Nakuru mjini, kwenye mita 1,850 au hapo karibu na mchana wa nyuzi 25, hesabu hiyohiyo huangukia kama nafasi 15 ukiruhusu maji yafike 40.

Hata wahandisi wa vituo vikubwa wana sheria kama hii. Miongozo ya ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa upoozaji, inaruhusu seva za daraja A2 kufanya kazi hadi kwenye nyuzi 35, lakini ukipita mita 900 unapunguza nyuzi 1 kwa kila mita 300. Mwisho wa daraja hilo ni mita 3,050. Mau Narok iko karibu na dari. Usishangae pawasapulai au UPS iliyotulia Nairobi ikianza kulalamika huko juu.

Sasa chagua

Nafasi 12 za milimita 120 zinalingana kwa eneo na rejeta moja ya feni tisa za milimita 140. Hicho ndicho kipimo cha MO-RA3 420 ya kampuni ya Watercool ya Ujerumani, jina ambalo utalikuta kila unapotafuta habari za rejeta za nje. Alphacool, pia ya Ujerumani, hutengeneza za feni tisa za 120, na kuna viwanda vya Uchina vyenye vipimo vinavyofanana na hivyo. Kwa kadi zetu nne Mau Narok, ile ya tisa za 140 inatosha. Ile ya tisa za 120 itatosha tu ukipunguza ulaji wa kadi.

Na hilo la kupunguza ulaji ni la bure. Kwa amri moja ya nvidia-smi unaweza kuiambia kila kadi isizidi wati 280. Kazi inapungua kidogo sana, lakini umeondoa wati 280 kwenye jumla. Fanya hivyo kabla hujatoa hata shilingi moja ya rejeta.

Baada ya ukubwa, angalia mambo manne.

La kwanza ni vibati. Ndani ya rejeta kuna vibati vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Vikibanana sana vinahitaji feni kali za kusukuma hewa katikati yake, na huko juu feni tayari imepoteza nguvu. Pia Mau Narok kuna vumbi la barabara, na wakati wa kuvuna ngano kuna makapi hewani. Rejeta yenye vibati vilivyoachana hupumua vizuri, na unaisafisha kwa brashi laini ya rangi. Mbele yake weka fremu ya wavu wa mbu. Ukiona wavu umekuwa wa kahawia, uoshe.

La pili ni madini. Bloku za kadi zako ni za shaba, mara nyingi zilizopakwa nikeli. Chukua rejeta ya shaba pia. Najua kuna fundi mtaani atakayekwambia, "Kijana, nikutolee rejeta ya Toyota, ni kubwa na bei ni ya chini." Rejeta nyingi za magari ya leo ni za alumini. Alumini na shaba zikishiriki maji hugeuka kama betri: alumini inaliwa polepole, uchafu wake unaziba njia nyembamba za bloku, na utagundua siku kadi ya kwanza imekauka maji. Akiba ya elfu chache inaua kadi nne.

La tatu ni maji yenyewe. Usitie ya bomba wala ya kisima. Maji mengi ya visima vya Bonde la Ufa yana chumvi na floraidi nyingi. Tumia maji yaliyosafishwa, yale tunayoita maji ya betri, na hapa fungua macho: hakikisha chupa ni ya maji na si ya asidi, maana zote huuzwa rafu moja. Vizuri zaidi ni kununua kulanti ya kompyuta yenye kinga ya kuganda na kutu. Rejeta ikikaa nje usiku wa sakitu, mashine ikiwa imezimwa, maji matupu yanaweza kuganda na kupasua mirija.

La nne ni viunganishi. Nunua vile vya kuchomoa bila kumwaga maji, umbo la jeki. Siku utakapotaka kuhamisha kompyuta au kusafisha rejeta, utachomoa mipira miwili na kazi imeisha. Bila hivyo kila usafi ni ndoo, matambara na maombi.

Ndani au barazani?

Wengi wakisikia rejeta ya nje wanafikiri lazima ikae nje ya nyumba. La. Mau Narok joto la wati 1,800 ni mali. Watu huko huwasha makaa ndani ya nyumba usiku na kuhatarisha maisha yao kwa moshi. Rejeta ikikaa sebuleni inafanya kazi ya hita bila moshi wowote. Mchana ukiwa na jua, au chumba kikiwa kidogo, ihamishie barazani. Umeona sasa faida ya viunganishi vya kuchomoa.

Ukiiweka barazani, jihadhari na umande. Usiku hewa ya nje ikiwa nyuzi 5 na mashine haifanyi kazi kubwa, maji yatashuka karibu na 5 pia. Ndani ya nyumba kuna sufuria inachemka na watu wanapumua. Mvuke huo utaganda juu ya mipira na bloku zilizo baridi, kama vile soda inavyotoa jasho mezani, na matone yataangukia saketi. Dawa yake ni rahisi: feni za rejeta ziendeshwe kwa kipimajoto cha maji, zisizunguke kabisa maji yakiwa chini ya joto la chumba, na usiache pampu ikizungusha maji usiku kama huna kazi. Bado ni baridi mno? Rudisha rejeta ndani.

Usisahau pia ya kawaida: mvua, mbuzi, watoto na wezi. Fremu ya vyuma kutoka kwa fundi wa jua kali, yenye kufuli, haikosi kazi. Na kabla ya kuwasha kadi, jaza maji, washa pampu peke yake kwa saa kadhaa, na tandaza karatasi ya shashi chini ya kila kiungo. Karatasi ikilowa, umeokoa kadi.

Bili ndiyo hukumu

Mashine yetu itavuta kama kilowati 2 kwenye mita, ukijumlisha kinachopotea kwenye pawasapulai. Saa 8 kwa siku ni uniti 16, na kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 480. Tuseme uniti moja ni shilingi 28 pamoja na tozo zake. Hiyo ni shilingi 13,440. Ukiiacha saa 24 ni uniti 1,440, yaani zaidi ya shilingi 40,000. Kama huna mteja au mradi wa kulipa hizo, usiwashe usiku kucha kwa sababu ya sifa.

Lakini tazama upoozaji wenyewe unakula nini. Feni tisa na pampu moja ni kama wati 50. Aliye Mombasa, chumba chake kikijaa joto hilo hadi alazimike kuwasha kiyoyozi, atalipia kama wati 600 zaidi kuondoa wati 1,800 zilezile. Hapo ndipo baridi ya Mau inakulipa kweli. Inakulipa kwenye bili, kila mwezi, mradi rejeta iwe kubwa ya kutosha kuitumia.

Ndiyo sababu nasema usibane hela kwenye rejeta. Kuagiza ni ghali: ni mzigo mzito, nauli ni ya juu, na kuna VAT ya asilimia 16 inayokungoja. Lakini kadi zitazeeka baada ya miaka michache. Rejeta ya shaba iliyotunzwa haizeeki. Utaivisha kadi mpya, na zingine baada ya hizo.

Turudi Olkaria

Sasa una macho ya kulitazama jiko kubwa. Kuna njia mbili za kumwaga joto la kituo cha data. Ya kwanza ni uliyoifanya wewe: maji yanazunguka ndani ya mfumo uliofungwa na rejeta kubwa zinalimwaga joto hewani. Maji hayapotei. Mfumo wako wote una lita chache tu, na unaongeza kidogo mara moja moja. Ya pili ni kuvukiza maji, kama vile jasho linavyokupoza. Minara ya maji ni midogo kwa joto inayotoa, haihitaji feni nyingi, na hufanya kazi vizuri hata mchana wa jua kali. Lakini maji yanaenda angani na hayarudi.

Kiasi gani? Fizikia inatosha kujibu. Kuvukiza kilo moja ya maji hubeba megajuli 2.4 hivi. Kama joto lote la megawati 100 lingetolewa kwa kuvukiza, ni kama lita milioni 3.5 kwa siku. Hizo ni boza 350 za lita 10,000, kila siku ya Mungu. Hilo ni kadirio la juu, la mfumo unaotegemea uvukizaji peke yake. Lakini linakuonyesha kwa nini maneno "nishati safi" hayajibu swali la maji.

Utasikia mtu akisema Ziwa Naivasha limejaa pomoni. Si mwaka 2025 lilifurika hadi mtaa wa Kihoto? Kweli. Lakini ziwa hilohilo mwaka 2009, wakati wa ukame, lilikauka pembeni hadi wafugaji na wakulima wa maua wakanyoosheana vidole. Kituo cha data hujengwa kwa miongo. Ziwa halina ahadi ya miongo.

Jambo la kufurahisha ni kwamba njia ya rejeta iko tayari Olkaria. Mitambo ya Olkaria III ya kampuni ya Ormat, ambayo sasa ina uwezo wa takriban megawati 150, hupoozwa kwa hewa: safu za mirija na feni kubwa, rejeta za ukubwa wa uwanja. Maji yake ya ardhini hurudishwa chini. Mitambo ya KenGen jirani hutumia minara ya kupoozea. Njia zote mbili ziko kwenye bonde moja, unaweza kuziona kwa macho yako.

Na teknolojia imesogea upande wako. Desemba 2024 Microsoft ilieleza muundo mpya wa vituo vyake ambao hauvukizi maji kwa upoozaji. Mwanzoni mwa 2026, mkuu wa NVIDIA Jensen Huang alisema mashine zao mpya zinaweza kupoozwa kwa maji ya nyuzi 45. Wewe unajua maana yake, kwa sababu umepiga hesabu: maji yakiwa 45 na hewa ya Naivasha ikiwa 25, una tofauti ya nyuzi 20. Rejeta inatosha. Itabidi iwe kubwa zaidi kwa sababu ya mwinuko, na kubwa zaidi ni ghali zaidi. Hapo ndipo penye vita: mwekezaji ataokoa fedha kwa kutumia minara, na gharama yake italipwa na ziwa.

Tangazo la 2024 lilisema kituo kitatumia teknolojia ya kisasa ya kuhifadhi maji. Maneno hayo ni mazuri, lakini hayana tarakimu. Mimi nataka tarakimu tatu. Lita ngapi kwa siku mwezi wa kiangazi? Uniti ngapi za kupooza kwa kila uniti ya kukokotoa? Na saa ngapi za mashine hizo zitatengewa vyuo na vijana wa hapa, wale ambao leo wanabanana na kadi za mtumba?

Usidhani maswali haya ni ya wabunge peke yao. Mradi wa aina hii unahitaji ripoti ya tathmini ya mazingira mbele ya NEMA, na ripoti ikitangazwa umma hupewa muda, kwa kawaida siku 30, kutoa maoni kwa maandishi. Kuchukua maji kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upataji Habari ya 2016 vinakupa haki ya kuuliza. Wazee wa Naivasha watauliza habari za samaki na malisho. Wewe uliyewahi kuhesabu nafasi za feni ndiye unayeweza kuuliza kwa nini minara na si rejeta, na ukaelewa kama jibu ni la kweli au ni la kukupumbaza.

Kwa sasa, kazi ya wiki hii ni ndogo. Andika wati za kila kadi yako kwenye karatasi. Jumlisha. Pima nyuzi za chumba chako saa nane mchana na saa kumi na moja alfajiri. Gawanya kwa mwinuko wa mahali ulipo. Ukishapata idadi ya nafasi, ongeza mbili za akiba, halafu ndipo ufungue mkoba.